Kifaru Ndani ya Boksi

Msomaji mwenzangu, kama hujapata kuona kifaru kikiletwa nyumbani kimebebwa kwapani, mie nimekiona. Kilikuja kwetu Kiponda mwezi wa Januari mwaka 2024, wiki ile mji ulipojaa bendera kwa ajili ya kutimiza miaka 60 ya Mapinduzi. Aliyekileta ni kijana mmoja aliyeshuka kutoka Maskati siku hiyo hiyo, na haraka ya kwao Fuoni ilikuwa imemjaa usoni.

"Kakaako kasema hichi chako," akaniambia. "Lakini kasema mzee naye akione."

Hata maji hakunywa.

Lilikuwa boksi pana, zito kuliko nilivyotarajia, na juu yake pamechorwa kifaru cha kijani kinapanda tuta la matope. Chini ya picha pameandikwa T-54A. Pembeni lipo jina la kampuni, MiniArt, na nchi ilikotoka, Ukraine. Watoto wa kichochoro walishajazana barazani kabla sijakaa.

"Kinakwenda kwa betri?"

"Hakina betri."

"Kinatoa cheche?"

"Hakitoi."

"Sasa kinafanya nini?"

Nilikosa jibu, wakaniacha wakenda zao kwenye mpira. Wala siwalaumu. Sisi tuliokulia Mjini vifaru tunavyovijua ni vile vya Sikukuu pale Mnazi Mmoja, unavinunua kwa pesa ya mkono wa Idi, unavivuta nyuma halafu unaviachia, vinakwenda mbio na kutoa cheche mdomoni, na ikifika Idi pili gurudumu moja limeshapotea. Kabla ya hivyo zilikuwepo gari za makopo ya maziwa, matairi yake yamekatwa kwenye ndara zilizochakaa. Kaka alikuwa fundi mkubwa wa hizo. Aliwahi kunitengenezea lori lenye tela, usukani wake waya mrefu unaufikia umesimama, nikalikokota mpaka Malindi bandarini na kurudi. Nadhani ndiyo sababu alipoliona boksi lile katika duka la vitu vya watoto anakofanya kazi, alinikumbuka.

Ama hivyo ndivyo nilivyojidanganya mwanzo.

Nikalipandisha juu, nikatandika mkeka sebuleni, nikaufunga mlango ili paka asije akaniharibia shughuli. Nyumba yetu ni ya Serikali, moja katika zile za Mji Mkongwe zilizotaifishwa baada ya 1964, na sakafu yake imebonyea katikati hata ukiangusha ushanga unajua utakwenda kuishia wapi. Nikakata gundi ya pembeni kwa kisu cha jikoni. Harufu iliyotoka ni ile ya viatu vipya vya plastiki.

Ndani ya boksi hamna kifaru. Ni jambo la kijinga kulisema, lakini mie nusu ya moyo wangu ilitaraji kukikuta kimekaa. Mna mifuko ya nailoni, na ndani ya mifuko mna fremu za plastiki ya kijivu, na kila fremu imening'iniza vipande vyake kama kole la mnazi lilivyoning'iniza vidaka. Magurudumu. Pingili za minyororo, moja moja, ambazo mtu atatakiwa aziunganishe kwa subira ya msusi wa nywele. Vishikizo vyembamba kama kijiti cha meno. Kibati cha shaba kilichokatwa matundu madogo madogo. Karatasi ya nembo na namba za kubandikwa kwa maji, za majeshi ya nchi mbalimbali; nikaikagua mara mbili, la kwetu halimo. Nilianza kuhesabu vipande, nilipopita mia tatu bado sijafika nusu nikaacha. Na gundi haimo. Na rangi haimo. Yaani wamekupa kila kitu isipokuwa kile kitakachokifanya kiwe kitu.

Juu ya boksi paliandikwa pia 1:35, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara thelathini na tano. Kipimo hicho kina kisa chake. Kampuni ya Kijapani, Tamiya, ilipotengeneza mfano wa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kiende kwa mota, kwa hivyo bodi likachongwa kwa ukubwa wa kuweza kumeza mota na betri. Walipokuja kupiga hesabu wakakuta wameangukia kwenye thelathini na tano. Wengine wakaufuata mkumbo huo mpaka leo. Askari wa kweli mwenye kimo cha kawaida akipunguzwa hivyo anabaki sentimita tano, na aliyemuamulia kimo hicho ni betri. Kifaru chenyewe, ukiuacha mtutu, bodi lake halifiki shibiri.

Nilitaka kucheka. Halafu nikakumbuka kwamba waliovikata vipande hivi wako Ukraine, ambako tangu Februari 2022 wanapigwa kwa vifaru na makombora ya kweli. Nikaona hata hiyo kazi ya kutia vifaru vya kuchezea kwenye mifuko ya nailoni inahitaji moyo.

Baba alirudi baada ya sala ya Alasiri. Alitoka Jaws Corner, kwenye kahawa yake, ambako kwa miaka nenda miaka rudi anakaa mahala pamoja tu, kwenye pembe, ukuta uko kushotoni kwake. Mtu akimkalia pale hatagombana, atasimama tu mpaka aondoke. Sisi tulikuwa tukimwita mwenye kigoda chake. Alivua viatu, akaona mkeka umejaa plastiki, akasimama.

"Hichi nini?"

"Zawadi ya kaka, baba. Kifaru."

Hakusema kitu. Akachukua mfuniko wa boksi, akausogeza mbali kidogo na macho kama wanavyofanya wazee wasiotaka kutafuta miwani. Akaweka kidole kwenye magurudumu ya picha na kuyahesabu.

"Matano. La mbele limejitenga na wenziwe." Akanirudishia mfuniko. "Hichi cha Mrusi. Chetu kilikuwa cha Mchina. Lakini ni toto na mama."

Alisema kweli. Baadaye nilisoma kwamba Warusi waliwapa Wachina ramani za T-54A, nao wakaunda cha kwao wakakiita Type 59, na hicho ndicho jeshi letu lilichokwenda nacho Kagera: tani 36, watu wanne, mzinga wa milimita 100. Ila wakati ule sikuwa na habari ya hayo. Nilichokishangaa ni kwamba baba amesema maneno yote hayo kuhusu vita bila ya kuulizwa.

Maana baba hasemi. Tulilojua nyumbani ni kwamba aliingia Jeshi la Wananchi mwaka 1975 akiwa kijana wa Makunduchi, kwamba Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 yeye alikuwa katika waliopelekwa, kwamba alikuwa ndani ya kifaru, na kwamba ipo nishani ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Basi. Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha juu yake. Nilimpeleka Lukaya usiku wa tarehe 10 Machi 1979, ile barabara inayopita katikati ya kinamasi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wako mbele na vifaru vyao, nikamfanya baba peke yake aviripue kumi na ushei. Mwalimu aliniandikia "Safi sana" kwa wino mwekundu. Haya tuyaseme wenyewe kwa wenyewe, sisi tunaojifunza kuandika: nilikuwa na shahidi wa vita sebuleni, anakunywa chai ya tangawizi hatua tatu kutoka kwenye daftari langu, na sikumuuliza hata swali moja. Niliona nikimuuliza ataniharibia hadithi.

Akaketi kwenye mkeka. Nikampa kitabu cha maelekezo, chenye picha za kila hatua. Sasa, kuna mifano ya vifaru ambayo ndani ni mitupu, ganda tu. Huu kaka aliochagua ni ule wenye matumbo yake yote: injini, viti, redio, makombora ya mzinga yamepangwa kwenye vishubaka vyake. Baba alifungua kurasa polepole mpaka akafika pale kichwa cha kifaru kinapoonyeshwa kimekatwa, unakitazama kwa juu. Akatulia hapo.

"Dereva huyu hapa chini, mbele, kushoto. Mtu wa Musoma. Huyu mpiga mzinga. Nyuma yake kamanda, magoti yake yako mgongoni mwa mwenziwe. Wote upande wa kushoto." Kidole kikavuka mzinga. "Na huku kulia, peke yake, mimi. Wakiniita Mpemba."

"Lakini wewe si Mpemba."

"Wafahamishe."

Akaniambia kazi yake ilikuwa kuujaza mzinga. Kombora moja na ganda lake ni kama kilo thelathini, nusu gunia la mchele unalinyanyua umeinama, chombo kinakwenda, kinayumba kama dau, joto la humo usilisemee. Na kwa kuwa mjazaji anasimama kulia kwa mzinga, anayesukuma kombora liingie ni mkono wa kushoto.

"Bibiyo alinipiga fimbo udogoni nisimpe mtu kitu kwa mkono wa kushoto," akasema. "Nikafika huko, mzinga nikaulisha kwa kushoto toka Mutukula mpaka Kampala."

Alicheka kidogo. Nikacheka na mimi, kwa hofu asije akanyamaza. Hakunyamaza. Alinisimulia daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Amin walilivunja, na namna walivyovuka Mto Kagera juu ya daraja la kuelea huku yeye anasoma Yasin kimoyomoyo kwa sababu alikuwa anajua kuogelea lakini kifaru hakijui. Alinisimulia vijiji ambavyo watu walikimbia kwa kusikia Kiswahili tu, kwa kuwa kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na askari waliowajua hawakuja kwa heri. Hilo lilimuudhi mpaka leo. "Lugha ya mamaangu," akasema, "mtu anaikimbia kama nyoka." Ya Lukaya yenyewe alisema kidogo: kwamba usiku ule watu walirudi nyuma, kwamba walipigwa mpaka ardhi ikawa laini, na kwamba asubuhi yake brigedi nyingine ilikuwa imeshazunguka na kutokea nyuma ya maadui. Hakuripua vifaru kumi. Alisema hakuona kitu, mjazaji haoni nje, anaona kitako cha mzinga tu.

"Kipi hicho?"

Akaanza kukitafuta katika fremu, akizipindua moja moja, ulimi katikati ya meno. Akakipata. Kipande cha mraba chenye ukubwa wa punje ya hindi, na mkingo wake mdogo pembeni. Akakikata kwa ukucha, nikashtuka kwa sababu maelekezo yanakataza, akakiweka kiganjani.

"Kikipiga, hichi kinarudi nyuma kama punda anavyorusha teke. Ukikaa vibaya kinakuvunja mbavu. Na sauti yake ndani ya chuma kile, mwanangu, si sauti tena, ni kitu kinakuingia." Akainua mkono akagusa sikio lake la kushoto. "Hili lilikuwa upande huo. Halisikii tangu Lukaya."

"Halisikii vizuri?"

"Halisikii. Limekufa."

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza kidogo, halafu tukamsikia: "Mie nalijua hilo kabla nyinyi hamjazaliwa." Kisha akaendelea kukuna. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijapata kumuona mama akitembea kushotoni mwa baba. Nilidhani ni mambo ya adabu zao za Makunduchi.

"Kwa nini hukutwambia, baba?"

"Leseni," akasema. "Dereva kiziwi nani atampa gari?"

Baba alitoka jeshini katikati ya miaka ya 1980 akaendesha gari ya abiria ya Makunduchi, hii ambayo sasa ni namba 310, mpaka mwaka 2016. Kwanza zile za mbao, chai maharage, baadaye ndogo. Na raha kubwa ya utoto wetu, yangu na ya kaka, ilikuwa kukaa mbele. Gari zetu usukani uko kulia. Anayekaa mbele na dereva anakaa kushotoni kwake.

Msomaji, nilikaa kwenye kiti kile miaka mingi. Nilimhadithia baba habari zote za skuli kutoka Makunduchi mpaka Kitogani, kutoka Kitogani mpaka Tunguu, mpaka Darajani, naye kimya, macho barabarani. Nilimhadithia siku niliposhika nafasi ya pili. Nilimhadithia niliponyang'anywa kalamu. Nikifika nyumbani nalia, namwambia mama baba hanipendi, na mama ananiambia babaako amechoka. Baada ya muda nikaacha kuhadithia. Nikaanza kuandika kwenye daftari, na labda hapo pana jambo, lakini sitaki kulikuza.

Kaka hakuandika. Kaka aliondoka.

Mwaka 2010, akiwa na miaka ishirini na mbili, alipata nafasi ya kazi Maskati kwa jamaa zetu. Kwetu mtu hasafiri safari kama hiyo bila ya radhi ya baba yake. Kaka aliniambia, na mimi tu ndiye aliyeniambia, kwamba aliiomba radhi hiyo ndani ya gari, kwa sababu nyumbani aliona haya mbele ya watu. Alikaa mbele, akatazama kioo, akaisema polepole habari yote toka mwanzo, akamalizia: "Naomba radhi yako, baba." Baba akabadilisha gea. Akasimamisha gari, akapakia abiria, akaondoa gari. Mpaka Darajani hakutamka neno. Kaka akajua jawabu yake ni hiyo.

Akaondoka kimya. Na baba kwa upande wake, miaka yote hii, likitajwa jina la kaka husema neno moja: "Hakuniaga." Fedha za kaka huja kwa mama. Salamu za kaka huja kwa mama. Mie nilikuwa na miaka kumi na mbili wakati ule, na mambo ya radhi mtoto hayaingilii. Nilipokua nikaona mmoja wao anasema uongo, na kwa kuwa sikutaka kujua ni yupi, nikayaacha.

Sasa nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, na kile kipande kama punje ya hindi kiko kiganjani mwa baba. Nikamweleza. Nilijisogeza kwanza, nikazunguka nikaja kukaa kuliani kwake, magoti yangu yakaponda fremu moja ya minyororo. Nikamweleza yote, ya gari, ya kioo, ya gea.

Alisikiliza. Kisha akauliza kitu kimoja:

"Alikaa upande gani?"

"Upande wa abiria, baba. Ulikuwa upande mmoja tu."

Baba hakujibu. Alikipindua kile kipande kwa kidole gumba, akakipindua tena. Adhana ya Magharibi ilikuwa bado. Chini kichochoroni watoto walikuwa wakibishana kama mpira umeingia au haukuingia. Nilifikiri atasimama aende zake msikitini mapema, kama anavyofanya likimzidi jambo, na nilishaanza kuzikusanya fremu nizirudishe kwenye mifuko.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Maskati saa ile kaka huwa bado dukani. Nikapiga tena. Ikaita. Baba alikuwa ameshaichukua mkononi mwangu, ameibandika kwenye sikio la kulia, na uso wake umekaa kama wa mtu anayetaka kuvuka barabara. Ikakatika.

"Atapiga akiiona," nikasema. "Labda baada ya Isha."

"Basi ntamsubiri."

Akaiweka simu juu ya mkeka, kuliani kwake, akakivuta kile kitabu cha maelekezo. Akaniuliza gundi iko wapi. Nikamwambia haikuja nayo, kesho nitatazama madukani Darajani, na rangi pia, ikikosekana tutachanganya ya mabati. Akaafiki. Akaendelea kupekua fremu, akakipata kipande kingine, duara dogo lenye bawaba, akaniinulia karibu na uso.

"Huu mlango wa mjazaji," akasema. "Huu usiutie gundi. Uache ufunguke."